Mgonjwa wa Kiharusi na Umeme wa Kichwani

Katika maradhi ambayo watu wetu huyapa jina la shetani kabla ya kuyapa jina lake, kiharusi ni cha mbele. Mtu hulala mzima akaamka mkono umelegea, mdomo umekwenda upande, ulimi mzito. Na kabla jua halijapanda watu wamekwisha kukata shauri kuwa amepigwa na pepo mbaya. Hapo hutafutwa mpungaji, ubani, na kuku wa rangi maalumu. Hayo ni ya huku kwetu pwani. Na kwa ndugu zetu Wasomali wa kaskazini, ambao maradhi haya huyaita faalig, neno walilolitwaa kwenye Kiarabu, mambo hayako mbali na hayo. Ilhali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Kanuni aliyaeleza maradhi ya kupooza pamoja na maradhi ya kichwa na mishipa ya fahamu. Yapata miaka elfu sasa tangu tabibu wa Kiislamu atwambie kuwa jambo hili ni la ubongo, na sisi tungali tukinunua ubani.

Tumeletewa barua na kijana mmoja wa hapa pwani aliyeoa Tarbaj, mji mdogo ulioko kaskazini-mashariki ya Wajir, katika njia ya kwendea Mandera. Aeleza kuwa baba mkwe wake, mzee mwenye ngamia, alipatwa na kiharusi yapata mwaka sasa. Upande wote wa kulia umepooza na ulimi umefungika. Walimsomea Kurani, na hilo ni jema. Walimchoma kwa chuma cha moto shingoni na begani, kama ilivyo ada ya huko. Kisha wakampeleka hospitali, akapewa dawa za presha na jamaa wakaonyeshwa mazoezi ya kumfanyisha, na mazoezi hayo yakaachwa baada ya majuma machache.

Sasa umezuka mzozo nyumbani. Mtoto mmoja wa mzee ameona katika simu kuwa huko Marekani watu waliopooza wametiwa umeme ubongoni wakanyanyua mikono, naye ataka ngamia wauzwe mzee apelekwe India. Mtoto wa pili amepata mtu Nairobi auzaye kofia yenye waya na betri, na muuzaji ameahidi kuwa mzee atatembea kwa siku kumi na nne. Ami yao akataa yote mawili. Asema ubongo ni makao ya akili, akili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kuupitishia umeme ni kubadilisha alivyoumba Mola. Mzee na asubiri kadari yake. Kijana atuuliza ni nani katika hawa watatu aliye katika haki.

Tutaanza na ami, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito, na kwa kuwa tunajua wako wengi hapa mijini mwetu wasemao kama yeye.

Ama kadari, Mtume wetu (S.A.W.) aliulizwa jambo hili hili na mabedui, watu wa ngamia kama watu wa Tarbaj: Je, tutafute dawa? Akawaamrisha watafute, na akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa yake, isipokuwa uzee. Na Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham akasikia kuwa kuna tauni, akaazimia kurudi, aliambiwa: Waikimbia kadari ya Mungu? Akajibu kwa mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu. Akiwalisha penye majani ni kwa kadari ya Mungu, na akiwalisha pakavu ni kwa kadari ya Mungu pia. Tungependa kumwuliza ami: ukame uingiapo Tarbaj, je, yeye hukaa na ngamia wake pakavu akangoja kadari, au huwahamisha usiku kwa usiku?

Ama kubadilisha maumbile, maulamaa wameeleza kuwa mabadiliko yaliyolaaniwa ni yale ya kujitia uzuri wa uongo au ya kufuata ibada za masanamu. Kumrudishia kiumbe alichokuwa nacho si kubadilisha, ni kurudisha. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab siku za ujahilia, akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya; Mtume (S.A.W.) akamwamrisha avae ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, ila hapa palikuwa na haja. Basi ikiwa madini yaruhusiwa kukaa usoni mwa mtu ili azibe kilema chake, waya mwembamba chini ya ngozi ili mkono uweze kushika kijiko wakatazwa kwa dalili ipi?

Labda ami atasema kuwa pua si akili. Ni kweli, na hapo ndipo penye utamu wa mas'ala haya. Maulamaa wetu wamekhitalifiana tangu zamani juu ya makao ya akili. Mashafii, nasi huku pwani na Wasomali tu katika madhehebu hayo, wengi wao wasema akili iko moyoni. Mahanafi wasema iko kichwani, na kauli kama hiyo imepokewa kwa Imam Ahmad. Lakini wote, wa moyo na wa kichwa, wanakubaliana kuwa mtu akipigwa kichwani akapotewa na akili, aliyempiga alipa dia kamili. Ukiondoka ulimi na usemi, dia kamili. Ukiondoka mkono mmoja, nusu ya dia. Mafakihi hao hawakuwa na mashine za kupigia picha ubongo, wala hawakuona taabu kukiri kuwa jeraha la kichwa huweza kumnyang'anya mtu maneno yake. Na ikiwa jeraha laweza kuondoa, hapana itikadi inayovunjika tukisema kuwa tiba ya mahali hapo hapo huweza kurudisha.

Tena umeme wenyewe si mgeni kichwani. Galvani wa Italia alionyesha mwaka 1791 jinsi mguu wa chura unavyoruka kwa umeme, na mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, akaweza kwa mara ya kwanza kuuandika umeme wa ubongo wa binadamu aliye hai. Kila kidole tunachokiinua, amri yake imeshuka kutoka ubongoni kwa mapigo madogo madogo ya umeme. Waarabu walimwita samaki fulani wa mto Nili raad, yaani mwenye kupiga radi, kwa mtikiso anaoutoa mtu akimgusa, na matabibu wa Kirumi walitumia samaki wa namna hiyo kwa maumivu ya kichwa. Basi mwenye kuuona umeme ni uchawi wa Wazungu na atazame samaki aliowaumba Mola wake. Nasi twastaajabu kuwa jamaa waliokiridhia chuma cha moto shingoni mwa mzee ndio waogopao waya. Mtume (S.A.W.) aliutaja moto katika tiba, kisha akawakataza umma wake kuchomana kwa moto, wanavyuoni wameufahamu ukatazo huo kuwa ni karaha palipo na njia nyingine. Katika yote aliyotendewa mzee huyu, hilo ndilo lililohitaji kuulizwa kwanza.

Kwa hivyo ami hana hoja ya kuharimisha. Lakini kusema jambo ni halali si kusema lafaa, na watu wetu huyachanganya haya mawili kila siku. Yafaa tutazame umeme huu umefanya nini hasa.

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, na iliyokufa haifufuliwi na umeme wala na kitu chochote tukijuacho. Kinachowezekana ni sehemu zilizo hai jirani yake kujifunza kazi ya ile iliyokufa. Mfano wake ni njia ya gari iliyokatwa na mafuriko: njia yenyewe haipitiki tena, lakini magari yakizidi kupita pembeni, siku baada ya siku, hutokea njia mpya. Umeme ni wa kuwasaidia wapitao. Hauwezi kuchonga njia pasipopita mtu.

Haya si maneno yetu ya kupamba, ndiyo yaliyoonekana katika majaribio. Kuna kampuni moja ya Seattle, Marekani, iliyoweka vipande vya umeme juu ya utando wa ubongo wa wagonjwa. Jaribio lake kubwa lilipomalizika mwaka 2008 halikuonyesha faida iliyotarajiwa kuzidi wale waliofanya mazoezi peke yake. Mwaka 2021 yalitangazwa majibu ya jaribio jingine, la Marekani na Uingereza, kwa wagonjwa 108 ambao kiharusi chao kilikuwa kimepita miezi tisa au zaidi, wengine miaka. Hao waliwekewa kifaa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake ukazungushwa mshipa wa fahamu uitwao vegasi ulioko shingoni, ambao hupeleka habari ubongoni. Mgonjwa akinyanyua mkono kushika kitu, mtaalamu abonyeza kitufe, na umeme wapita nusu sekunde. Akinyanyua tena, wabonyezwa tena. Mamia ya mara kwa kikao kimoja, vikao vitatu kwa juma, majuma sita, kisha mazoezi nyumbani. Wote walipasuliwa na kuwekewa kifaa, lakini nusu yao hawakupewa umeme wa kutibu, na wenyewe hawakujua ni nani yuko upande gani, ingawa tangu mwanzo waliambiwa kuwa mambo yatakuwa hivyo na wakaridhia. Baada ya miezi mitatu, katika kila 100 waliopewa umeme, 47 walipata nafuu ya maana katika mkono. Na katika kila 100 walionyimwa, 24. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikakiruhusu kifaa hicho.

Tunamwomba msomaji asiipite hiyo 24 mbio mbio. Hao hawakupata umeme wa kutibu hata chembe. Walichopata ni mkono wao kushikwa na kufanyishwa kazi kwa mamia ya mara, miezi na miaka baada ya watu kusema kuwa mambo yamekwisha. Na mmoja katika kila wanne akapata nafuu ile ile. Na upande wa pili, zaidi ya nusu ya waliopewa umeme hawakuifikia nafuu hiyo.

Liko na jaribio la Cleveland, ambalo huenda ndilo alilolishuhudia kijana katika simu, kwa kuwa ndilo linalotia waya ndani kabisa, katika ubongo wa nyuma ulioko chini ya kisogo. Mgonjwa wa kwanza alipasuliwa Desemba 2016, na majibu yakachapishwa mwaka 2023. Walikuwa watu 12 tu. 9 walipata nafuu, na walionufaika zaidi ni wale ambao mkono wao ulikuwa umebakiwa na uhai kidogo. Nao pia walifanyishwa mazoezi miezi mingi pamoja na umeme. Huko Pittsburgh mwaka huo huo wa 2023 wakatangaza kuhusu umeme wa uti wa mgongo shingoni, kwa wagonjwa wawili. Tunazitaja hesabu hizi ili ionekane wazi: watu 12, watu wawili. Ni ilimu njema, ni mwanzo wenye kutia tamaa, wala si bidhaa ya kuuziwa ngamia.

Sasa tuje kwa mwenye kofia. Ni kweli kuwa ipo tiba ya umeme mdogo sana, miliampia 1 au 2, upitishwao juu ya ngozi ya kichwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na ipo nyingine itumiayo sumaku, iliyobuniwa Sheffield mwaka 1985. Waliozijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi wamepata majibu yasiyolingana, huyu akiona faida na yule asione. Zikifanywa na mjuzi, madhara yake kwa kawaida ni madogo, ijapokuwa ile ya sumaku kwa nadra huweza kuchochea kifafa, na mwenye chuma kichwani au kifaa cha moyo hapaswi kuisogelea bila ya kupimwa. Hakuna daktari mkweli ulimwenguni asemaye kuwa kwa kofia hiyo mtu aliyepooza mwaka mzima atatembea kwa siku kumi na nne. Aliyesema hivyo ni mmoja katika wawili: hajui, au anajua na anadanganya. Na Mtume (S.A.W.) amehukumu kuwa mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, akidhuru, yeye ndiye mdhamini. Twaona, na Mungu ndiye ajuaye, kuwa pesa atakazozichukua kwa ahadi ile ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama kofia haikumdhuru mzee. Mpungaji mwenye kuku wetu na huyu mwenye betri ni ndugu, ila mmoja amevaa suti.

Ama mtoto atakaye kuuza ngamia, nia yake ni ya wema na hatumlaumu kwa kumpenda baba yake. Lakini ngamia wa Tarbaj ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa ukame. Wakiuzwa kwa ajili ya jambo ambalo hata huko lilikotoka lingali likijaribiwa, watakaorudi kutoka India huenda wakawa mzee yule yule na nyumba iliyofilisika. Kama ni kutumia mali, kuna mambo yenye uhakika zaidi. Dawa ya presha isikosekane hata siku moja, kwa kuwa aliyepata kiharusi kimoja yu karibu na cha pili. Apatikane mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ikiwa ni wa kwendewa Wajir basi aendewe, awafundishe jamaa upya. Na watu wote wa huko na wa huku wajue kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni yatakiwa itiwe ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kianze, baada ya kichwa kupigwa picha; nayo kutoka Tarbaj mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Hapo ndipo watu wa Kaunti ya Wajir wangepaza sauti kwa viongozi wao: mashine ya picha na daktari aliye karibu vingewaokoa wengi zaidi kuliko waya wowote wa Marekani.

Kisha kuna jambo ambalo barua imelipita kwa nusu mstari: mazoezi yaliachwa. Kwa nini? Twadhani twajua. Kuuza ngamia ni jambo la siku moja, na watu huliona na kulisifu. Kuushika mkono wa baba asubuhi na jioni, kuukunja na kuukunjua, kumwekea kikombe akiangushe, umwekee tena, mara mia mbili, kwa miezi, hapana anayeona isipokuwa Mungu. Na mara nyingi kazi hiyo huachiwa mke wa mzee au binti yake, naye ana maji ya kuteka na mbuzi wa kukama. Watoto wa kiume wawili hawa wenye kugombania India na kofia wangegawana mikono ya baba yao, mmoja asubuhi na mmoja jioni, wangekuwa wamekwisha kuanza ile sehemu ya tiba ya Marekani isiyohitaji pasipoti.

Na sasa tusemalo ndilo kubwa kwetu. Tumeisoma barua hii mara kadhaa. Ndani yake ami amesema, mtoto wa kwanza amesema, wa pili amesema, muuza kofia amesema, na mkwe ameuliza. Mzee mwenyewe hakuulizwa. Imechukuliwa kuwa ulimi ukifungika na akili imeondoka. Na kumbe madaktari wafahamu vizuri kuwa kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, ule utawalao mkono wa kulia, aghalabu huondoa usemi huku mtu akibaki anafahamu mengi, au yote. Amelala pale, asikia ngamia wake wakiuzwa na kichwa chake kikipangiwa kupasuliwa.

Ibn Abbas amesimulia habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuombewa. Mtume alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Yule mwanamke akachagua mwenyewe kusubiri, akaomba tu asifunuke nguo aangukapo, akaombewa hilo. Kwa hadithi hii maulamaa wengi, na Mashafii wakiwamo, wamesema kuwa kujitibu ni jambo linalopendeza na si lazima. Nasi twaliona na jingine ndani yake: mgonjwa wa kichwa alipewa hiari na aliye mbora wa viumbe, wala hakuambiwa walii wake aamue.

Ngamia wale ni mali ya mzee. Maadamu akili yake ipo, hapana mtoto wala ndugu mwenye haki ya kuuza hata mmoja ila kwa idhini yake, wala ya kumpasua bila ya ridhaa yake. Na mafakihi wamekwisha kuamua tangu zamani kuwa ishara ya bubu ifahamikayo ni sawa na matamshi: kwayo huuza, kwayo huoa. Basi kijana wetu na afanye hivi. Amwendee mzee wakati ametulia, pasipo watu wengi, pamoja na mtu anayemzoea. Wakubaliane kwa mkono wa kushoto: kuufumba ni ndiyo, kuufumbua ni la. Kwanza amjaribu kwa mambo yaliyo wazi: Je, huyu ni mwanao? Je, hapa ni Mandera? Akijibu sawasawa, amrejee siku ya pili kwa maswali mengine, maana mara nyingine mgonjwa wa namna hii husema ndiyo naye akusudia la. Majibu yakisimama siku zote mbili, amweleze kwa Kisomali chepesi yale tuliyoyaandika hapa, ya wale 47 na wale 24, na bei, na safari. Kisha amwulize jambo moja moja, aungojee mkono.